Vipande 8,800: hesabu ya kioo cha nyuma mjini Mpanda

Tuanze na futi kamba. Kioo cha mlango wa nyuma wa gari dogo kama Toyota IST au Vitz kinakaribia mita 1.1 kwa upana na nusu mita kwa kimo. Eneo lake ni mita za mraba 0.55, yaani sentimita za mraba 5,500. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 43, inayosimamia vioo vya magari, inataka kioo cha aina hii kikipasuka kila mraba wa sentimita 5 kwa 5 utoe vipande visivyopungua 40. Gawanya 5,500 kwa 25, unapata miraba 220. Zidisha kwa 40: vipande 8,800. Hicho ndicho kiwango cha chini utakachookota siku mlango wa nyuma utakapobamizwa juu ya gunia la mchele.

Nilisimama kwenye gereji moja ya Makanyagio nikamtazama fundi akivitafuta. Alifungua plastiki ya ndani ya mlango, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa chenga kwa kiganja kama anayechota mchele kwenye debe. Akaubamiza mlango mara tatu, akasikiliza, akaingiza mkono tena. Kioo cha unene wa milimita 3.5 kina uzito wa kilo 8.75 kwa mita ya mraba, kwa hiyo kioo chote ni kama kilo 4.8 na kila kipande ni nusu gramu hivi. Nusu gramu hupenya kila mahali: kwenye kitasa, kwenye mota ya waipa, chini ya zulia, ndani ya shimo la tairi la spea. Vikiachwa humo vitalia kila unapopita tuta, mwezi baada ya mwezi. Kazi ile ilimchukua karibu saa nzima, na haimo kwenye bei yoyote utakayotajiwa kwa simu.

Watu wengi wa hapa wanaopatwa na mkasa huu huuliza swali moja: kioo shilingi ngapi? Kwa gari la biashara, jibu la swali hilo ni chini ya nusu ya gharama. Sehemu kubwa imo kwenye njia, kwenye siku za kusubiri, na kwenye tyubu moja ya gundi ambayo karibu kila mtu hutaka kubana matumizi juu yake. Ndiyo maana nimeamua kuifungua hesabu yote.

Kwanza, kwa nini kinapasuka. Kioo cha mbele kina maadui wengi barabarani, hasa kokoto zinazorushwa na malori. Cha nyuma kinatazama upande mwingine, na adui yake mkubwa ni mzigo. Katavi ni mkoa wa mahindi na mpunga, na gari dogo la hapa halibebi abiria peke yao. Gunia likizidi kidogo, ncha ya kreti ikigusa kioo, mtu akaufunga mlango kwa nguvu ili kitasa kishike, basi. Shokapu za mlango wa nyuma zikichoka nazo huuachia uanguke wenyewe. Kioo hiki kinapotengenezwa huchomwa mpaka zaidi ya nyuzi joto 600, kisha hupulizwa hewa baridi kwa ghafla. Ngozi ya nje huganda kwanza, na kiini kinapopoa baadaye huivuta ndani. Kioo kizima hubaki kimekazwa kama ngoma. Uso wake unaweza kustahimili pigo la kiganja au mpira wa watoto. Ukingo ndio dhaifu: mchubuko mdogo kwenye kona unaotosha kupenya ile ngozi hukifungua chote kwa mara moja. Ndiyo maana wakati mwingine kioo hupasuka gari likiwa limeegeshwa, hakuna mtu karibu, na mwenye gari akaapa kwamba amerushiwa jiwe. Pengine kona iligongwa juzi yake, wakati wa kupakia.

Mkazo huo una matokeo yanayogusa mfuko moja kwa moja: kioo kikishapitishwa kwenye moto hakikatwi wala hakitobolewi. Ukijaribu, unarudi kwenye vipande 8,800. Hakuna fundi wa kuchukua kioo cha gari kubwa akakipunguza kwa ajili ya lako. Kioo bapa cha dirisha la nyumba nacho hakifai, kwani cha gari kimepinda, na kikivunjika hicho cha nyumba hutoa majisu. Ni lazima upate kile kile: modeli ile ile, toleo lile lile, na ikiwa mhimili wa waipa hupita katikati ya kioo, tundu lake liwe mahali pale pale.

Hapo ndipo ukubwa wa soko unapoanza kusema. Mkoa wa Katavi ulizaliwa mwaka 2012 kutoka Rukwa. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604. Sensa ya 2022 ilihesabu 1,152,958, zaidi ya mara mbili katika miaka kumi. Magari madogo nayo yameongezeka, hilo kila mtu analiona pale stendi. Lakini jiweke kwenye nafasi ya mwenye duka la spea. Ili mteja akiuliza kioo cha nyuma umjibu "kipo", unahitaji walau modeli kumi: IST, Vitz, Passo, Raum, Demio, March, Fit na wenzao. Kila modeli ina matoleo mawili au zaidi. Kila toleo lina kioo cheupe na kile cheusi cha kiwandani. Kumi mara mbili mara mbili ni vioo 40. Tukiweka kila kimoja shilingi 150,000, ni milioni 6 zimeegemezwa ukutani, na hujagusa vya mbele wala vya milangoni. Milioni 6 hizo hizo zikiwa kwenye oili, tairi na breki zinazunguka mwezi hadi mwezi. Kwenye vioo, kile cha March cheusi kinaweza kukaa miaka miwili kikisubiri March ya mtu mmoja yenye vioo vyeusi ipate ajali. Mwenye duka wa Mpanda anayekwambia "tukuagizie" amepiga hesabu sahihi, na simlaumu.

Kuna jambo jingine la ukubwa ambalo wengi hulichanganya. Septemba 2023 kilizinduliwa kiwanda cha vioo cha Sapphire huko Mkuranga, mkoani Pwani, chenye uwezo wa tani 700 kwa siku. Ukigawanya tani hizo kwa kilo 4.8, unapata uzito wa vioo vya nyuma zaidi ya 145,000 kila siku. Basi kwa nini kioo cha IST bado kinatoka ng'ambo? Kwa sababu kiwanda cha namna hiyo humimina mabapa makubwa. Kutoka kwenye bapa mpaka mlango wa IST kuna kukata, kusaga ukingo, kuchapa nyaya za fedha na ukingo mweusi, kupinda kwenye kalibu ya modeli hiyo peke yake, na kukaza kwa moto na upepo. Kalibu moja hulipa pale inapotoa vioo kwa maelfu. Magari yetu yalitengenezwa Japani kwa barabara za Japani, wengine wakayachosha kidogo kisha sisi tukayanunua, kwa hiyo kalibu nazo ziko huko, na nyingine Uchina kwa vioo vipya vya bei nafuu. Malighafi iko karibu nasi sasa, lakini umbo bado liko mbali.

Basi unaagiza. Kwa Mpanda kuagiza maana yake ni kuchagua barabara. Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,200 kwa njia ya Dodoma na Tabora. Mbeya iko zaidi ya kilomita 500 kwa njia ya Sumbawanga na Tunduma. Tabora yenyewe iko zaidi ya kilomita 330, na lami ya Tabora, Koga hadi Mpanda iliyozinduliwa mwaka 2022 imebadilisha mengi, kwani kabla yake msimu wa mvua uliweza kuikata njia ile kwa siku kadhaa. Reli ipo pia, kilomita 210 kutoka Kaliua. Ilifika Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi ya Uruwira, na nikiitazama nakumbuka kwamba njia za mkoa huu zilianza kwa kutoa vitu nje. Kuingiza kitu chembamba cha kilo tano kisivunjike ni kazi ambayo hazikupangiwa.

Sasa namba. Bei ninazotumia ni za mfano, zinazobadilika kwa duka na kwa wiki. Weka zako mahali pa zangu, mpangilio wa hesabu utabaki ule ule. Kioo cha mtumba kutoka Dar, 150,000. Kufunga mzigo, 10,000. Parseli ya basi, 20,000. Ada za kutuma pesa, 5,000. Bodaboda kutoka stendi hadi gereji, 3,000. Gundi na primeri yake, 35,000. Ufundi, pamoja na ile saa ya kuchota chenga, 40,000. Jumla ni 263,000. Gari likiwa la biashara, lile tunaloliita mchomoko, na hesabu ya bosi ni 30,000 kwa siku, siku nne za kusubiri ni 120,000 nyingine. Tumefika 383,000, na kioo chenyewe ni asilimia 39 yake.

Kwa mwenye mchomoko siku moja ni kitu cha kununua kama kioo. Tuseme kioo kile kile Mbeya ni 170,000, yaani 20,000 zaidi ya Dar, lakini parseli ni 12,000 na kinafika siku ya pili. Dar: kioo 150,000, kufunga 10,000, basi 20,000, siku nne 120,000, jumla 300,000. Mbeya: kioo 170,000, kufunga 10,000, basi 12,000, siku mbili 60,000, jumla 252,000. Kioo kilichoonekana ghali kimekuwa nafuu kwa 48,000. Kwa mwalimu ambaye gari lake hulala nyumbani na yeye huenda shule kwa miguu, siku hazina bei, na Dar inabaki nafuu kwa 12,000. Watu hawa wawili wakishauriana kijiweni hawataelewana, na wote watakuwa sahihi.

Kuna makosa ya simu yanayozaa siku nyingine nne. La kwanza ni neno lenyewe. Ukisema "kioo cha nyuma", kuna muuzaji atakayesikia kile cha dereva kutazamia nyuma, na mwingine atasikia cha mlango wa abiria wa nyuma. Sema kioo cha mlango wa buti. Halafu swali linalofuata siku zote ni hili:

"IST ya zamani au mpya, kaka?"

Usijibu kwa macho. Soma namba ya chasisi. IST ya kwanza, iliyotoka 2002, huanzia NCP60, NCP61 au NCP65. Ya pili, ya kuanzia 2007, ni NCP110, NCP115 au ZSP110. Vitz ina SCP10 ya kwanza, SCP90 na KSP90 za pili, KSP130 ya tatu. Passo ni KGC10 au KGC30. Vioo vya matoleo hayo haviingiliani hata kidogo. Piga picha ya kibati cha chasisi, piga picha ya mlango wa nyuma ulio wazi, na piga picha ya muhuri mdogo ulio pembeni mwa kioo cha mlango wa abiria wa nyuma ambacho hakijavunjika. Muhuri huo ndio utakaomwambia muuzaji kama gari lako lilitoka na vioo vyeupe au vyeusi: vyeupe mara nyingi vimeandikwa AS2, vyeusi AS3. Mwombe naye akutumie picha ya muhuri wa kile anachouza kabla hujatuma hata mia.

Nyaya zile nyekundunyekundu zinazopita kwenye kioo nazo ziulizie. Ni fedha iliyochapwa, na kwenye umeme wa volti 12 huvuta kiasi cha ampea 12, sawa na wati 144, kuondoa ukungu. Mpanda siku ya jua utaziona ni pambo. Panda na gari Sumbawanga usiku wa mvua, watu watano ndani, ndipo utajua kazi ya nyaya hizo. Kwenye kioo cha mtumba zipimwe kwa mita kabla ya kufungwa: kati ya ncha mbili isome karibu omu moja. Wembe wa kubandulia tinti ndio huziua nyingi.

Kufunga mzigo. Risiti nyingi za parseli husema vitu vya kuvunjika ni kwa dhamana ya mwenye mzigo, kwa hiyo bahati mbaya ni yako. Tuseme kioo kimoja kati ya kumi hufika kikiwa chenga. Sehemu moja ya kumi ya 170,000, yaani kioo na nauli yake, ni 17,000. Hiyo ndiyo bei ya hatari ambayo hakuna anayekutajia. Ukitoa 10,000 kwa godoro chakavu, maboksi na fremu ya mbao, na ikaipunguza hatari hiyo iwe moja kati ya mia, unabaki na 1,700. Umetoa 10,000 ukaokoa 15,300. Kinachohitaji godoro zaidi ni kona nne, na kioo kisafiri kikiwa kimesimama kwa ukingo wake, hakilazwi chali chini ya ndoo za rangi. Muuzaji aandike kwa kalamu nene pande zote mbili, halafu ampigie simu konda, aongee naye. Hilo la kuongea na konda ni la bure na ndilo ninaloliamini kuliko maandishi.

Kwenye bima nitapita haraka. Bima ndogo ya gari binafsi ni 100,000 na VAT yake, jumla 118,000, na haikulipii kioo chako. Ni ya hasara uliyomtia mwingine. Bima kubwa kwa kiwango cha asilimia 3.5 juu ya gari la milioni 12 ni 420,000, ukiongeza VAT ya asilimia 18 inakuwa 495,600. Tofauti ni 377,600 kwa mwaka. Kwa ajili ya kioo peke yake, ambacho kwa mwalimu wetu ni 263,000, hailipi. Ila ajali na wizi ni hesabu nyingine kabisa, na mwenye bima kubwa asome kipengele cha vioo kabla hajaenda dukani.

Siku za kusubiri, watu hufunga nailoni na solatepu. Naomba hapa nisikilizwe, hasa na wenye watoto. Gari linapokwenda mbele huacha nyuma yake nafasi yenye hewa hafifu, na nafasi hiyo huvuta kila kilichoko karibu. Ndiyo maana kioo cha nyuma cha magari haya huchafuka kwa vumbi kabla ya vingine. Kioo kikiwa hakipo, vumbi hilo linaingia ndani, na pamoja nalo moshi wa bomba lililo mita moja chini yake. Ndani ya moshi huo kuna kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayomlevya mtu usingizi kabla hajajua. Kwa safari fupi za mjini fungua vioo vya mbele, washa feni ya dashibodi, na usimkalishe mtoto siti ya nyuma. Kwa safari ya Karema au Inyonga, subiri kioo. Faini ya kosa la barabarani ni 30,000, nayo ni ndogo kuliko hili.

Sasa gundi. Kwenye magari ya zamani kioo cha nyuma kilikaa ndani ya mpira, ukivuta kamba kimeingia. Kwenye haya madogo ya leo kimegandishwa kwa gundi ya poliyurethani moja kwa moja kwenye bati, na gundi hiyo ndiyo inayokizuia kutoka, inayozuia maji, na inayoukaza mlango usicheze. Fundi mzuri huikata ile ya zamani akiacha tabaka la milimita moja au mbili kwenye bati, kwa sababu gundi mpya hushika vizuri juu ya ya zamani iliyo safi kuliko juu ya rangi. Akichubua rangi hupaka primeri nyeusi pale pale, la sivyo kutu itaanza chini ya kioo mahali ambapo hakuna jicho litakaloiona.

Mdomo wa tyubu hukatwa kwa umbo la herufi V ili gundi itoke ikiwa na umbo la paa la nyumba: upana milimita 8 chini, kimo milimita 12. Eneo la mkato wake ni milimita za mraba 48. Mzunguko wa kioo chetu ni mita 3.2. Zidisha: mililita 154. Kioo kikikandamizwa mpaka ibaki milimita 5, gundi hutanuka kufikia karibu milimita 10 kwa upana, na huo ndio upana wa kushikilia. Ongeza asilimia kumi ya ile inayobaki mdomoni na kwenye vidole, unafika mililita 169.

Tyubu ya kawaida ina mililita 310. Unaona kishawishi kilipo. Fundi ana magari mawili, tyubu imebaki nusu, na ikishafunguliwa hugandia mdomoni baada ya siku chache. Magari mawili yanahitaji mililita 338. Zinapungua 28. Gawanya 28 kwa ule mstari wa paa la nyumba: sentimita 58 za ukingo wa gari la pili hazina gundi. Kimo cha kioo chote ni sentimita 50. Fundi hataacha pengo wazi. Ataipunguza kidogo kidogo kila upande, na kwa kuwa huanzia juu, upande wa chini ndio huishiwa. Upande wa chini ndipo maji hukaa.

Wengine huiacha poliyurethani kabisa na kuweka silikoni ya madirisha, kwa sababu tyubu ya 8,000 na mpango mzima wa 35,000 zinafanana machoni. Umeokoa 27,000, asilimia 7 ya ile 383,000. Silikoni inayonuka siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula bati. Haikutengenezwa kubeba kioo kinachotikiswa kwenye makorongo. Na kosa lake kubwa huonekana baadaye: poliyurethani haishiki juu ya mabaki ya silikoni, kwa hiyo fundi wa pili lazima akwangue kila chembe mpaka kwenye rangi. Marudio, kama kioo kimetoka salama, ni gundi 35,000, ufundi 40,000, siku moja 30,000: jumla 105,000. Kisipotoka salama, rudi mwanzo kwenye simu ya Dar.

Jambo moja kuhusu gundi hii huwashangaza hata mafundi wa muda mrefu. Haikaushwi na jua. Hukauka kwa kunyonya unyevu wa hewa. Kwenye hali ambayo watengenezaji huipimia, nyuzi 23 na unyevu wa asilimia 50, hukauka kiasi cha milimita 3 kwa saa 24, kuanzia nje kwenda ndani. Upana wetu ni milimita 10, unyevu unaingia pande mbili, kila upande una milimita 5 za kupenya. Ni karibu siku mbili. Agosti ya Mpanda, midomo ya watu inapopasuka kwa ukavu, ni zaidi. Kuliweka gari juani ili "likauke haraka" hakuchukui nafasi ya unyevu huo. Mwenye mchomoko anayelitoa gereji saa moja baada ya kazi, akapakia magunia na kubamiza mlango, anakisogeza kioo juu ya gundi ambayo ndani bado ni kama ugali wa moto.

Fundi wa Makanyagio alikuwa na tyubu moja na magari mawili uani siku ile: IST na Noah iliyopasuka kile kioo kidogo cha pembeni. Alianza na IST. Alizungusha gundi mara moja bila kuinua mkono, akaanzia katikati ya upande wa chini na kuishia pale pale. Wakakipandisha kioo yeye na kijana wake, mikono minne, wakakikandamiza taratibu, wakavuta vipande vinne vya solatepu kutoka kwenye kioo mpaka kwenye paa. Kisha akainua tyubu kuelekea kwenye mwanga, akaipimia kwa vidole. Zilibaki kama mililita 140, za kutosha mita 2.9. Akapima kioo cha Noah kwa futi kamba: mita mbili kasoro. Akaanza kukisafisha.

Mwenye IST aliomba funguo. Akaambiwa arudi kesho kutwa, na kwamba vioo vya mbele vitabaki vimeshushwa vidole vinne, ili mtu akifunga mlango hewa ipate pa kutokea.